Wanyama Saba Katika Moyo Mmoja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Picha za Dhambi na Fadhila

Barua nne za mwezi huu zimegusa jambo moja, yaani picha za kuchapa zinazoonyesha dhambi na fadhila, nami nimeonelea nizijibu pamoja kwa sababu jibu la moja linaisaidia nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kumzika nyanya yangu kule Nyeri tuligawana vitu vyake, nami nikachukua kijitabu chake kiitwacho Moyo wa Mwanadamu, ambacho tangu utotoni kilinitia hofu. Ukurasa mmoja una moyo mkubwa wenye uso wa mtu juu yake, na ndani ya moyo huo mna tausi, mbuzi, nguruwe, kobe, chui, nyoka na chura. Nyanya alitufundisha kila mnyama ni dhambi gani. Sasa wanangu wananiuliza kobe alikosa nini hata akawa dhambi, nami sina la kuwaambia. Picha hizi zilitoka wapi? Zilichorwa na Mwafrika? — Msomaji, Kawangware.

JIBU: Pole sana kwa kufiwa, na ahsante kwa kukitunza kijitabu hicho badala ya kukiacha kiende na magazeti ya kuwashia jiko. Nyumba nyingi za Kenya zilikuwa nacho, kimewekwa pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo, na hofu unayoieleza wengi wetu tulilala nayo.

Picha hizo hazikuchorwa na Mwafrika. Aliyezieneza ni Johannes Gossner (1773–1858), Mjerumani aliyeanza kama padri wa Kikatoliki na baadaye akawa mchungaji wa Kiprotestanti. Alitoa kijitabu chake mwaka 1812, na wamisionari wakakibeba hadi Asia na Afrika, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Lakini Gossner naye alizikuta. Kabla yake palikuwa na kijitabu cha Kikatoliki cha mwaka 1732 chenye asili ya Kifaransa, na ukizidi kurudi nyuma unafika Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ambako padri Michel Le Nobletz (1577–1652) aliwafundisha wavuvi na wakulima wasiojua kusoma kwa mafumbo yaliyochorwa kwenye ngozi za kondoo. Baada yake padri Vincent Huby (1608–1693) alitumia picha za moyo kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo nyanya yako alipokaa nanyi jioni, akionyesha kwa kidole kwamba huyu ni kiburi na huyu ni ulafi, alikuwa anaitumia picha sawasawa na makusudi yake ya kwanza, na sidhani yuko mwalimu wa Bretagne aliyeifanya kazi hiyo vizuri kumzidi.

Hesabu ya dhambi kuu saba ni ya kale kuliko picha. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri katika karne ya 4, alitaja mawazo mabaya manane yanayomsumbua mtawa, na mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori Mkuu akaipanga upya orodha hiyo ikawa ya saba. Wanyama waliingizwa na wahubiri na wachoraji waliotaka msikilizaji akumbuke, na kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuwabana, kila mmoja alichukua mnyama aliyemwona anafaa. Tausi kwa kiburi hana ubishi, maana ukimwona ametandaza mkia huhitaji kuelezwa. Chura kwa uchoyo ana kisa chake: watu wa Ulaya ya zamani waliamini kwamba chura hula udongo, tena hujipimia kidogokidogo akihofia kwamba udongo wa dunia utamwishia. Tangu nilipokijua kisa hicho sijaweza kumcheka chura yule, kwa sababu namwona ndani yake mtu aliyekalia wingi huku akihofia upungufu.

Kobe ndiye anayenipa taabu, na wanao wameona sawa. Katika hadithi zetu kobe huenda polepole lakini hufika, na wahenga walituonya tusimwone kobe kainama, anatunga sheria. Kumweka ndani ya moyo kuwa alama ya uvivu ni kumhukumu kwa mwendo wake tu. Mbuzi vilevile: kwenu Nyeri mbuzi ni mahari, na ni nyama ya kumpokelea mgeni anayeheshimiwa, basi mtoto atamwonaje kuwa uzinzi? Waambie wanao kwamba alama hizi ni makubaliano ya watu wa mahali fulani na wakati fulani, na kwamba hata huko zilikotoka hazikutulia.

Ushahidi ni seti ya picha saba za dhambi ambazo Pieter Bruegel Mkubwa alizichora mwaka 1556 na 1557, Pieter van der Heyden akazichonga kwenye mabamba ya shaba, na mchapishaji Hieronymus Cock akazitoa mjini Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1558. Humo hasira ni dubu, uzinzi ni jogoo, na husuda ni bata mzinga, ndege ambaye miaka mia moja kabla ya hapo hakuna Mzungu aliyekuwa amemwona, kwa kuwa asili yake ni bara la Amerika. Uvivu ni mwanamke aliyelala akimwegemea punda, konokono wakitambaa huku na huku, na shetani akimwekea mto vizuri ili usingizi umnogee. Shetani yule na mto wake ni wazo la ajabu, nami ningemwachia Bruegel sifa zote. Punda ndiye nisiyemkubali, na atakayenielewa ni mtu yeyote aliyewaona punda wa mitaa yetu alfajiri, wakivuta mikokoteni iliyojaa mitungi ya maji kabla wenye nyumba hawajaamka.

Sasa nikuombe jambo. Ukipata nafasi, itafute picha ya uchoyo katika seti hiyo ya mwaka 1558 uitazame bila haraka. Katikati ameketi mwanamke mwenye sarafu pajani, sanduku la fedha liko kando yake, na chura yuko mbele yake chini. Ukiishia hapo umeona alichokuonyesha nyanya. Lakini kando pana kibanda cha mkopeshaji anayepokea rehani, mkasi mkubwa umetundikwa, na watu wanaleta vitu vyao. Wapo waliokwisha kutoa hata nguo za mwilini, wako uchi mbele ya watu. Upande mwingine watu wanaulenga kwa mishale mfuko wa fedha uliotundikwa juu. Mwanamke yule hamtazami hata mmoja wao, macho yake yako kwenye sarafu. Chura katulia kimya, hajamdhuru mtu, na dhuluma yote iliyo kwenye picha inatendwa kwa mikono ya binadamu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya kijitabu chako na mabamba ya Antwerp. Katika kijitabu, ukifungua kurasa zinazofuata, wanyama wanaanza kuondoka, kisha moyo unabaki safi, na baadaye, kwa mtu aliyerudi nyuma, wanyama wanarejea. Ni mafundisho yenye nguvu, na siyadharau, lakini yanamfanya mtoto aidhani dhambi kuwa mgeni aliyeingia, ambaye akifukuzwa mambo yamekwisha. Picha ya Bruegel inauliza jambo jingine: nguo za yule aliye uchi ziko kwa nani sasa? Swali hilo halimalizwi kwa kumfukuza chura.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ninasoma sanaa. Nimepewa kazi ya kulinganisha picha za zamani za dhambi na fadhila, na nimeona kwamba karibu zote ni wanawake. Kiburi ni mwanamke, ulafi ni mwanamke, na imani na haki pia ni wanawake. Kwa nini? — Msomaji, Umoja.

JIBU: Chanzo kikubwa ni sarufi ya Kilatini, lugha inayoyagawa majina yake katika ya kiume, ya kike na yasiyo ya upande wowote. Superbia, avaritia, invidia, ira, gula, luxuria: majina yote hayo ya dhambi ni ya kike. Fides, spes, caritas, iustitia na wenzake, yaani imani, tumaini, upendo na haki, nayo ni ya kike. Mwandishi aliyetaka kuyafanya yatembee na kusema aliyavika mwili wa mwanamke bila kujiuliza mara mbili. Mshairi Prudentius, yapata mwaka 400, alitunga shairi refu la vita ambamo fadhila ni askari wa kike wanaopigana na dhambi, ambazo pia ni wanawake. Humo Hasira anamshambulia Subira, silaha zake zinavunjika bila kumjeruhi, na kwa ghadhabu anajiua mwenyewe. Sisi tungesema hasira hasara, tukamaliza.

Wachapaji wa karne ya 16 walirithi jeshi hilo. Heinrich Aldegrever wa Ujerumani alitoa mwaka 1552 mabamba 14 ya fadhila na dhambi, na humo zote ni wanawake wenye alama zao, kama wanaopita kwenye gwaride.

Hata hivyo, katika kazi yako usiiachie sarufi lawama yote. Sarufi inaeleza jambo hili lilivyoanza. Haielezi kwa nini liliendelea kwa mamia ya miaka katika lugha ambazo majina hayo si ya kike. Wapo wachapaji waliotumia jina la fadhila au la dhambi ili wauze picha ya mwanamke aliye nusu uchi, na mnunuzi alijua, na muuzaji alijua. Tena mwanamke wa kwenye picha za aina hii amebebeshwa mawili, ama malaika ama uozo, na nafasi ya kuwa mtu wa kawaida hakuachiwa.

Kuna jambo ningependa ulitie kwenye kazi yako kwa sababu ni letu. Kiswahili hakina majina ya kike na ya kiume. Kiburi kinatembea na kikombe na kisu, ulafi na uvivu vinakwenda na ukuta na uzi, na husuda iko ngeli moja na nyumba. Hakuna mahali ambapo lugha inamsukuma mchoraji amfanye Kiburi dada na si kaka. Mchoraji anayefikiri kwa Kiswahili akimchora Ulafi kuwa mwanamke, ajue ameamua mwenyewe.

SWALI: Nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili mjini. Ukutani mwetu pana picha ya mwanamke mwenye upanga na mizani, amefungwa kitambaa machoni. Wateja wengi, hasa waliochoshwa na kesi kuahirishwa, hunitania kwamba kitambaa kile ndicho kinachofanya Haki asiwaone maskini. Hunijibia wakili kwamba maana yake ni kutopendelea. Nani yuko sahihi? — Karani, Ngara.

JIBU: Wakili wako yuko sahihi kwa maana inayokubalika leo, lakini wateja wako, pengine bila kujua, wameigusa maana ya kwanza kabisa.

Haki ya kale ilikuwa na macho wazi. Mizani alikuwa nayo, upanga alikuwa nao, na macho alihitaji ili aione mizani. Picha ya kitambaa inayojulikana kuwa ya awali imo katika kitabu cha Sebastian Brant kilichochapwa Basel mwaka 1494, kitabu cha mashairi yanayokejeli wapumbavu wa kila aina, chenye michongo ya mbao. Mmoja wa michongo hiyo unamwonyesha mpumbavu, amevaa kofia ya wapumbavu, amesimama nyuma ya Haki na anamfunga kitambaa machoni. Shairi linawashutumu watu wanaokimbilia mahakamani kwa kila ugomvi na kuichezea sheria. Kitambaa, kwa hiyo, kilikuwa tusi: Haki amepofushwa na wajinga. Katika miongo iliyofuata maana ikageuzwa, tusi likawa sifa, na kitambaa kikawa alama ya hakimu asiyetazama uso wa mtu.

Tazama sasa Bruegel alivyokitumia. Baada ya dhambi saba alichora fadhila saba, mwaka 1559 na 1560, zikachapwa na Cock yuleyule. Picha ya Haki ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mwanamke amesimama juu ya jiwe katikati ya uwanja, ana upanga na mizani, na macho yamefungwa. Kumzunguka, sheria inafanya kazi: mtu amelazwa kwenye mtambo wa kunyoosha viungo ili akiri, mwingine amepiga magoti akingoja kukatwa kichwa, na nyuma kabisa, hadi upeo wa macho, kuna miti ya kunyongea. Chini ya picha maandishi ya Kilatini yanaeleza kwamba shabaha ya sheria ni kumrekebisha anayeadhibiwa, au kuwafanya wengine wawe bora kwa mfano wake, au kuwapa watu usalama kwa kuwaondoa waovu.

Wataalamu wamebishana sana iwapo Bruegel alikuwa anasifu au anashutumu. Maoni yangu, na nayasema kama mtu aliyeitazama picha hiyo miaka mingi, ni kwamba haiwezekani kuchora uso wa mtu anayenyooshwa viungo kwa makini kiasi kile halafu ukawa huna neno. Uwanja mzima umejaa macho, ya makarani wanaoandika, ya askari, ya watu waliokuja kutazama, na mwenye jina la Haki ndiye pekee asiyeona yanayotendwa kwa jina lake. Mteja akikutania tena, mwambie kwamba mchongaji wa Basel aliliona hilo mwaka 1494, kisha mtafutie faili lake.

SWALI: Ninafundisha shule ya sekondari Embakasi na ninasimamia chama cha sanaa chenye wanafunzi 28. Tunataka kutengeneza seti ya picha za kuchapa, dhambi saba na fadhila saba, tuzitundike ukumbini siku ya wazazi. Hatuna mashine wala fedha nyingi. Naomba ushauri wa kazi yenyewe na wa namna ya kuwaongoza wasije wakanakili tu alama za kizungu. — Mwalimu, Embakasi.

JIBU: Mwalimu, barua yako imenifurahisha kuliko nitakavyoweza kueleza. Nianze na fikra, kisha nije kwenye lino, yaani mkeka wa sakafuni unaochongwa ili kuchapa picha, na wino.

Wanafunzi wako hawatakuwa wa kwanza barani. Bruce Onobrakpeya wa Nigeria alichapa mwaka 1969 vituo 14 vya Njia ya Msalaba kwa kuchonga lino, na waliomo ni watu wa kwao, wenye nguo na nakshi za kwao. Katika kituo cha Rorke's Drift, KwaZulu-Natal, kilichoanzishwa mwaka 1962, Azaria Mbatha (1941–2018) alichonga visa vya Biblia kwa vyumba vilivyopangwa safu kwa safu, na watu weusi wamejaa humo. Hapo ndipo aliposomea John Muafangejo wa Namibia (1943–1987), ambaye kazi yake ya mwaka 1984 inabeba jina linaloweza kutafsiriwa kuwa Tumaini na Mategemeo Mema Licha ya Shida za Sasa. Tumaini ni mojawapo ya fadhila saba. Katika seti ya Bruegel tumaini ni mwanamke aliyesimama juu ya nanga baharini. Muafangejo alilichonga wakati nchi yake bado iko chini ya utawala wa makaburu, na alikufa miaka michache kabla ya uhuru. Waonyeshe wanafunzi kazi hizi kabla ya kuwaonyesha za Ulaya.

Kisha waonyeshe za Ulaya pia, maana zina la kufundisha hata zinapokosea. William Hogarth wa London alitoa mwaka 1747 mabamba 12 kuhusu vijana wawili wanaojifunza kusuka nguo. Katika la kwanza mmoja anachapa kazi kwenye mtambo wake na mwingine anasinzia, kikombe cha pombe kiko karibu. Aliyatengeneza kwa mistari rahisi ili yauzwe kwa bei nafuu na vijana wafanyakazi wayaone, na chini ya kila bamba aliweka maneno ya Biblia, mengi yao kutoka Mithali. Mwisho wake mvivu ananyongwa na mwenye bidii anakuwa meya wa London. Ufundi wake naupenda mno, hasa jinsi kila kitu kilichomo chumbani kinavyotoa ushahidi. Lakini hesabu yake naikataa. Wanafunzi wako wanawajua akina mama wanaokwenda Marikiti saa kumi alfajiri kununua sukuma wiki na nyanya za kuuza, miaka 20 mfululizo, na hawajawa mameya wala matajiri. Ukimfundisha mtoto kwamba bidii hulipwa gari la kifahari, umemfundisha kuwa mama yake ni mvivu. Fadhila isichorwe pamoja na tuzo.

Mfano ninaokusihi uufuate ni picha ya upendo ya Bruegel, ya mwaka 1559. Katikati yupo mwanamke mwenye moyo unaowaka mkononi na ndege mwari kichwani, naye ni alama kama alama nyingine, hana makubwa. Uzito uko kandokando yake. Kuna kikapu cha mikate na mikono inayokipapia. Mtu anavishwa nguo. Mgonjwa anatembelewa kitandani, wafungwa wanajuliwa hali, msafiri anapokelewa, na kwa mbali watu wanazika. Maandishi ya chini yanamwambia mtazamaji ategemee kwamba lililompata mwenzake litampata na yeye, kwa maana hapo ndipo atakaposukumwa kusaidia. Hakuna anayeng'aa katika picha hiyo. Ni watu wenye shughuli.

Kwa hiyo usiwaulize wanafunzi uchoyo ni mnyama gani. Waulize wamewahi kuuona wapi, saa ngapi, nani alikuwa ameshika nini mkononi. Atakayesema aliuona stejini, kondakta akipandisha nauli maradufu kwa sababu mvua imenyesha na akina mama wamebeba watoto mgongoni, huyo amekwisha pata picha yake: mkono wa kondakta na noti zilizokunjwa katikati ya vidole, mwavuli, mguu wa mtoto unaoning'inia. Subira wataipata kwenye foleni ya hospitali. Kiasi, ile fadhila ya kutopita mipaka, ni kigumu, nami singewasaidia haraka. Waache wahangaike nacho wiki nzima.

Sasa kazi ya mikono. Lino ya wasanii ni ghali, lakini vipande vya mkeka laini wa plastiki wa sakafuni vinachongeka, na kwa majaribio ya mwanzo soli ya malapa yaliyochakaa inatosha. Lino ikiwa ngumu, ianikeni juani dakika chache italainika. Patasi ndogo za kuchongea mnaweza kuzitengeneza kwa njiti za mwavuli uliovunjika, kwa sababu zile njiti zina mfereji ndani. Zikateni, muzinoe kwenye jiwe, na muzitie mpini wa mti. Sheria ni moja isiyo na msamaha: mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi, kamwe usiwe mbele yake.

Wakumbushe kwamba picha itatoka kinyume, kama kwenye kioo. Mtu wa mkono wa kulia atakuwa wa kushoto, na maneno yatasomeka nyumanyuma, kwa hiyo wachore kwanza kwenye karatasi nyembamba, waigeuze, kisha waipitishie mistari upande wa pili. Waliowachorea wachongaji wa Antwerp walikuwa na sharti hilohilo. Tena wakumbuke kwamba wanachokiondoa kitakuwa cheupe na wanachokiacha kitakuwa cheusi. Anayeanza huondoa kupita kiasi. Mwambie asimame kila baada ya dakika 10, aweke karatasi juu, na apitishe penseli ili aone amefika wapi.

Wino wa mafuta hutoa weusi mzuri, na mtausafisha kwa mafuta ya kupikia kidogo kabla ya sabuni na maji. Upakeni juu ya kioo au kigae, mpitishe rola mpaka msikie unatoa sauti nyembamba kama ya chapati kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Ukiteleza, mmeweka mwingi. Kisha pitisheni rola hiyo juu ya lino. Lazeni karatasi juu ya lino, na kwa kuwa hamna mashine, sugueni mgongo wake kwa mgongo wa kijiko au mwiko wa mbao, kwa miduara midogo, mkianzia katikati. Inueni pembe moja mtazame, huku nyingine tatu zimeshikwa. Palipofifia, rudisheni karatasi na msugue tena hapo tu.

Chapa ya kwanza itatoka hafifu na yenye mabaka, na ya pili pia. Ya nne au ya tano huanza kutulia, wino ukishazoeana na lino. Wanafunzi 28 kwa picha 14 ni wawiliwawili, mmoja akichonga na mwingine akisugua, kisha wabadilishane. Kila jozi ichape nakala 30, iziandike namba kwa penseli chini kushoto, ili baada ya siku ya wazazi kila mwanafunzi aende nyumbani na seti nzima, nakala moja ibaki ukumbini, na moja, ikikupendeza, unitumie hapa ofisini.